Nimetoka Mahiwa, Nimefika Mahiwa

Masika ya 1994 yaliifunga barabara ya kusini, kama yalivyozoea. Mto Rufiji ulikuwa haujapata daraja wakati huo. Pantoni ya Ndundu ikisimama, Lindi na Mtwara zinageuka kisiwa. Aliyetaka kwenda Dar es Salaam alidandia lori hadi Mtwara, akakaa bandarini kuisubiri meli kama watu wanavyosubiri mwezi wa Idi. Mimi nilisubiri siku nne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni, kiroba cha korosho, na tetea mmoja aliyefungwa miguu ambaye bibi alimtuma kwa mjomba wangu. Kwetu Wamwera, mjomba si mtu wa kwenda kwake mikono mitupu.

Nilikuwa na barua yake pia. Maelekezo yalikuwa mafupi: ukishuka melini uliza Kariakoo, ukifika Kariakoo uliza Mtaa wa Mahiwa, kwenye kijiwe cha mikokoteni, hapo kila mtu ananijua. Niliisoma mara mbili, mara tatu. Mahiwa ndiko nilikokuwa natoka. Nikadhani mjomba ananitania, au kalamu ilimteleza kwa kuwaza nyumbani.

Bahari sitaieleza sana. Nilitapika tangu Mtwara mpaka usawa wa Kilwa, au niseme pale nilipodhani ni Kilwa, huku tetea akinitazama kwa jicho moja kama anayeuliza ni nani kati yetu anayepelekwa kuchinjwa. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Masasi aliyetandika mkeka karibu na bomba la moshi, mahali penye joto, akiwa na birika la chai ya tangawizi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Usiyatazame maji. Tazama kule mbali yanapokutana na mbingu."

Dawa hiyo, alisema, aliipata walipokuwa wakivushwa kwenda Bukini.

Bukini ni Madagaska. Mzee alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza ambalo watu wa rika lake walilitamka Keya, katika batalioni ya Tanganyika. Waingereza walishuka Diego Suarez Mei 1942 kwa hofu kwamba Wafaransa wa serikali ya Vichy wangewaachia Wajapani bandari ile. Mnamo Septemba 10 wakashuka tena Majunga, pwani ya magharibi, na brigedi ya Afrika Mashariki ikashika njia ya Tananarive, mji ulioanguka Septemba 23. Hayo ya tarehe nimeyasoma mwenyewe baadaye. Mzee hakuwa na tarehe hata moja. Alikuwa na ufukwe.

"Kushuka pwani ndiyo vita yenyewe," alisema. "Huko mbele ni kutembea tu. Boti zinakuja kama siafu, mizigo juu ya watu, watu juu ya mizigo. Asipokuwepo mtu wa kusimama mchangani akasema wewe huku, wewe kule, mtafia majini na bunduki zenu. Na huyo mtu hana pa kujificha. Anasimama wima ili mumwone."

Mwaka huohuo wa 1942, jeshi la majini la Uingereza liliifanya kazi ya mtu huyo kuwa na vikosi vyake maalumu: makomando wa ufukweni, mabaharia wa kutangulia kufika nchi kavu, kuweka alama, kuondoa vizuizi na kuziongoza boti chini ya risasi. Walijifunza kwa makosa, na moja ya makosa makubwa lilifanyika kwetu, Tanga, mwanzoni mwa Novemba 1914. Jenerali Aitken alikuja na watu wapatao 8,000 dhidi ya askari wa Kijerumani waliokuwa kama 1,000. Kabla hajashusha hata mtu mmoja, nahodha wa manowari Fox alitangulia kuingia bandarini kuwaarifu wenyeji kwamba amani imekwisha. Yaani mwizi alibisha hodi. Watu wakashushwa usiku kwenye mikoko ambayo hakuna aliyekuwa ameikagua, na siku ya mapambano, pamoja na bombomu za Wajerumani, wakakutana na nyuki. Watu wa Tanga hupenda kuwahesabu nyuki wale upande wao.

Ikumbuke hiyo Fox. Itarudi.

Alfajiri mzee alinitikisa bega. "Amka, njoo ulione koo la Dar."

Ndilo neno alilotumia, na sijapata lililo bora zaidi. Kulia kwetu ilipita hospitali ya Ocean Road na minazi yake, kisha Ikulu, nyeupe katika kiza kile chepesi. Kushoto ilikuwa Kigamboni, taa chache na mivinje. Bahari yote ile iliyonitesa siku nzima ikajibana, ikajibana, mpaka nikadhani meli haitapita. Pantoni ilikuwa imesimama kutupisha, na watu wa Magogoni waliokuwa wakishusha samaki waliinua vichwa. Ningeweza kuisema rangi ya shati la kila mmoja.

"Hapa," mzee alisema, akionyesha kwa kikombe cha chai, "Mzungu mmoja wa manowari alipigwa risasi nane, moja baada ya nyingine, na hakufa. Sajini wetu alitusimulia kambini. Walimpa nishani ya Victoria."

Sikumwamini. Wazee wa Keya tuliwajua. Kila mmoja alikuwa na simba wake na Mjapani wake. Risasi nane ni mambo ya senema.

Ilinichukua miaka mingi na maktaba kadhaa kumwomba mzee yule radhi kimoyomoyo. Mzungu wake anaitwa Henry Peel Ritchie, kamanda katika manowari Goliath, mzaliwa wa Edinburgh wa mwaka 1876. Kilichomleta kwenye koo lile ni mto uleule wa Rufiji ulionifungia mimi barabara. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga Zanzibar, ikaizamisha, kisha ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji. Manowari hula makaa ya mawe kama tanuri la chokaa linavyokula kuni, na Waingereza walishuku kwamba chakula na makaa hutoka kwenye meli za Kijerumani zilizojifungia ndani ya bandari ya Dar es Salaam: König, Feldmarschall, na Tabora iliyokuwa imegeuzwa hospitali.

Tatizo ni kwamba mji ulikuwa kwenye mapatano ya ajabu. Agosti 8 manowari Astraea ilikuwa imeupiga mnara wa simu ya upepo, Wajerumani wakazamisha cherezo langoni mwa bandari ili asiingie mtu, kisha pande mbili zikaelewana kwamba meli za ndani zisitumike vitani na mji uachwe. London ikayakataa mapatano. Kwa hiyo kufikia Novemba kulikuwa na bendera nyeupe mjini ambazo kila upande ulizisoma kwa miwani yake.

Asubuhi ya Novemba 28 Goliath ilitia nanga nje, pamoja na Fox, ileile ya Tanga, majuma matatu na ushee tu baada ya aibu ile. Meli kubwa hazikuweza kupita kooni. Ritchie akaingia na boti ndogo kwenda kuziharibu injini za meli za Kijerumani ili zisitoke tena. Kazi ya uharibifu ilikwenda vizuri, vizuri kupita kiasi. Ndani ya bandari palikuwa kimya. Pwani hapakuwa na mtu. Ukimya ule ulimtia shaka, na ndipo alipofanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hizo risasi nane: alichukua matishari mawili, akayafunga ubavuni mwa boti yake ya mvuke, moja kulia na moja kushoto, yawe kama ukuta. Ushujaa tunausifu, akili ya kuogopa mapema haina nishani yake.

Walipogeuza kutoka, kingo zote mbili zikalipuka. Koo lilikuwa limefumbwa. Ritchie alishika usukani mwenyewe. Akapigwa, akaendelea, akapigwa tena. Maelezo rasmi ya nishani yake yanahesabu kama karani wa ghala: majeraha manane, na kati ya la kwanza na la mwisho zilipita dakika 20 hadi 25. La nane ndilo lililomzimisha. Mabaharia wake walioshika usukani baada yake nao walijeruhiwa, lakini boti ikatoka, matishari yakiwa yametobolewa kama chujio. Si wote waliotoka. Daktari wa Goliath, E. C. Holtom, alibaki mikononi mwa Wajerumani, na miaka yake ya kifungo akaja kuiandikia kitabu.

Goliath na Fox zikajibu kwa mizinga siku ile, na tena Novemba 30. Kasri la gavana wa Kijerumani liligeuka kifusi. Ikulu niliyoiona alfajiri ile ilijengwa upya na Waingereza juu ya misingi yake, ikamalizika 1922. Waingereza walipiga kelele kwamba wamefyatuliwa risasi chini ya bendera nyeupe. Wajerumani walipiga kelele kwamba wageni walisema wanakuja kukagua, wakaanza kuvunja injini na kukamata watu. Ukinihukumisha mimi, nitasema walikuwa wacheza karata wawili, kila mmoja ameficha moja chini ya kikoi.

Nishani ilitangazwa Aprili 1915. Katika vita ile, hakuna tendo la mwanamaji lililopewa Victoria Cross ambalo ni la mapema kuliko hili la Magogoni. Mwezi uliofuata Goliath yenyewe ilizamishwa Dardanelles, na watu wapatao 570 wakafa nayo. Ritchie hakuwemo. Risasi za Dar es Salaam huenda ndizo zilizomwokoa. Aliishi mpaka Desemba 9, 1958. Miaka mitatu baadaye, tarehe hiyohiyo, bendera ya Uingereza ikashushwa katika mji alikovujia damu.

Lakini asubuhi ile ya 1994 sikujua lolote kati ya haya. Nilijua njaa. Niliagana na mzee gatini, nikamweka tetea kwapani na kiroba kichwani, nikaanza kuuliza Kariakoo.

Nilipita stesheni ya reli, nikapita Mnara wa Saa, nikaambaa na Mtaa wa Uhuru nikiwa katikati ya barabara kwa kuwa pembeni pamejaa bidhaa. Kila niliyemuuliza alinijibu bila kusimama. Kufika sokoni, lile jengo la msanifu Beda Amuli lenye paa kama miavuli iliyogeuzwa, nikasimama nimepumbaa, mpaka kijana mmoja aliyebeba beseni la nyanya akanisukuma: "Kaka, hapa hapasimamwi!"

Nikauliza Mtaa wa Mahiwa. Mwanamke aliyekuwa akiuza vitenge alionyesha kwa kidevu. Nikaona kibao. Nikasoma herufi moja moja, M, A, H, I, W, A, na nikajikuta nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Siku tano za safari, lori na meli na matapishi, na nimefika nilikotoka.

Mjomba alikuwa kijiweni, amekalia mkokoteni wake, anakula muhogo wa kukaanga. Miaka ya nyuma alikuwa kuli bandarini; sasa alivuta mchele, sukari na marobota ya mitumba kutoka kwenye maghala kwenda madukani. Nilimwamkia, akaitikia, akanipokea tetea kwanza kisha mimi.

"Bibi yako mzima?"

"Mzima, anakusalimu. Mjomba, huu mtaa kweli unaitwa Mahiwa?"

"Sasa ulidhani nimekudanganya?"

Alikuwa na nadharia yake. Bwana mipango mmoja wa zamani, alisema, alikuwa mtu wa Lindi, akakumbuka kwao. Ushahidi wake: mtaa mwingine unaitwa Narung'ombe, na mwingine Tandamti. Majina yote ya kwetu. Wenzake wa kijiweni, Wazaramo na Waluguru, walikuwa wamechoka kuisikia.

Nadharia ya mjomba ilinikaa kichwani miaka mingi, na kilichoiharibu ni swali dogo tu. Mtu wa Lindi anayekumbuka kwao ataachaje Mtama, ataachaje Nyangao na Mingoyo, akachagua Tandamti, ambako ni kilima na vichaka? Orodha yenye Narung'ombe, Tandamti na Mahiwa kwa pamoja naijua moja tu. Narung'ombe palipiganwa Julai 1917. Tandamti, Agosti. Mahiwa, Oktoba 15 hadi 18, siku nne ambazo kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliuzuia upande wa Waingereza ukapoteza watu zaidi ya 2,000, wafu na majeruhi. Haya ni majina ya vita yaliyotundikwa kwenye nguzo, na chini yake watu wanapatana bei ya sufuria.

Na Kariakoo yenyewe ni neno la jeshi. Waingereza waliuteka mji Septemba 4, 1916, na pale palipo soko wakawakusanya wapagazi wa kikosi chao cha uchukuzi, Carrier Corps, ambacho midomo yetu ilikitafuna kikawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu hiyohiyo. Lori halikupita, ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o, basi kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha afisa kilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Hata mizinga ya Königsberg, ilipozamishwa Rufiji Julai 1915, ilitolewa matopeni ikaletwa Dar es Salaam kutengenezewa magurudumu, ikavutwa nchi nzima kwa kamba na mikono ya watu. Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa. Watoto wa shule huukalia wapigwe picha.

Hesabu rasmi za Waingereza zilikiri wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao. Wanahistoria wengi wanasema wafu wanakaribia 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, njaa na mvua. Hakuna aliyewawekea saa kati ya jeraha la kwanza na la mwisho. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika wa namna hiyo hawakuandikwa jina popote. Baba yake bibi yangu ni mmoja wao, ingawa upande aliobebea hatuujui. Alichukuliwa njiani Nyangao. Kwa bibi, Mdachi na Mwingereza walikuwa kitu kimoja chenye kamba mkononi.

Tulilala Jangwani, bondeni, si mbali na jengo la Yanga, katika chumba ambacho masika yaliyonifungia barabara yalikuwa yametangulia kufika. Mto Msimbazi ulikuwa umepanda usiku wa juzi yake. Kitanda cha mjomba kilisimama juu ya matofali manne manne, na alama ya maji ilikuwa ukutani, mstari wa kahawia kama mkanda wa suruali. Hakuonekana kujali. Tetea alimkatalia kisu. "Huyu katoka nyumbani," alisema, akamfungulia miguu. Wiki iliyofuata akataga kwenye kapu la nguo.

Jumapili alinipeleka kuuona mji. Kwenye mzunguko wa Samora tulisimama chini ya sanamu ya Askari, iliyowekwa 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann. Maandishi yake ni ya lugha tatu, Kiswahili kikiwemo, na yanawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Mjomba aliniambia niangalie singe inaelekea wapi. Inaelekea bandarini. "Anawazuia wasirudi," alisema, na hakufafanua ni akina nani.

Kutoka pale tukashuka mpaka Magogoni tukapanda pantoni, kwenda Kigamboni na kurudi, starehe ya watu wasio na hela. Nimeipanda mara nyingi tangu hapo. Safari moja, nikiwa nimeshasoma habari za Ritchie, nilivaa saa makusudi. Nilivuka, nikarudi, nikaanza kuvuka tena kabla dakika 25 hazijatimia. Katika muda huo muuza karanga alipita mara tatu, mtoto alilia akanyamaza akalala, na meli moja ya mafuta iliingia taratibu, ikaziba Ikulu yote, ikapita. Kingo zile mbili ziko karibu mno. Ukiwa katikati huwezi kuelewa mtu angekosaje shabaha, na huwezi kuelewa dakika zile zilimalizikaje.

Lakini hayo ni ya baadaye. Juma lile la pili nilimwandikia bibi barua, nikampa dereva wa lori la korosho aliyekuwa anasubiri barabara ifunguke. Nilimweleza kwamba tetea amefika salama na anataga, kwamba mjomba mzima, na kwamba, asishtuke, huku Dar es Salaam nimekuta Mahiwa nyingine, ina kibao kabisa, na mjomba anafanyia kazi hapo kila siku.

Jibu lilikuja mwezi wa saba, kwa mkono wa mtoto wa jirani aliyeandika alichoambiwa neno kwa neno. Bibi alifurahi kuhusu tetea. Kuhusu lile jingine aliagiza niambiwe niache kutia chumvi, kwamba mji umeshaanza kuniharibu, kwani Mahiwa iko palepale, na yeye asubuhi ile alikuwa ametoka kuchuma mboga.